Msichana wa Kupima Pumzi ya Ng'ombe

Nelvine alipoingia dukani mwangu mara ya kwanza, sikumpenda. Sioni haja ya kulilainisha neno hilo. Mimi nauza dawa za mifugo na mbegu hapa Mogogosiek, kando ya barabara ya kwenda kiwandani, na watu wa miradi nimewaona wakija na kwenda. Wanakuja na fulana zenye maandishi mgongoni, wanaita mkutano, wanagawa soda, wanapiga picha. Mwaka ukiisha, hakuna anayelikumbuka jina la mradi ila yule anayelimia ile fulana. Huyu naye alikuja na fulana. Tena alikuja na kifaa kama tochi, akaniambia kwamba akikielekeza puani mwa ng'ombe kinamwonyesha ni gesi kiasi gani inamtoka, na kwamba gesi hiyo ni mojawapo ya zile zinazoipasha dunia joto.

"Kwa hivyo unapima vile ng'ombe anabeua," nikamwambia.

"Napima methane, Auntie Tabby."

"Ndiyo hiyo nasema. Kubeua."

Hakucheka. Siku hizo alikuwa hacheki ovyo. Kufika siku ya soko, Mogogosiek nzima ilikuwa inamwita msichana wa kupima pumzi ya ng'ombe, na vijana wa bodaboda walikuwa na jina lao jingine ambalo siwezi kuliandika hapa. Alilisikia. Alipita mbele yao ameinua shingo, tochi yake mkononi, kama askari anayeelekea kukamata mtu.

Baadaye sana, tulipokwisha kuzoeana, ndipo aliponiambia lililomleta. Alizaliwa Merigi, upande wa pili wa Bomet, ambako mvua si ya kutegemea kama ya huku kwenye majani chai. Mama yake, Jerusa, alikuwa na ng'ombe mmoja, na ukame mmoja mrefu ulimmaliza ng'ombe huyo polepole wakimtazama, siku moja hawezi kutembea mtoni, siku nyingine hawezi kuinuka. Nelvine alikuwa msichana wa shule. Aliapa kwamba atasoma mpaka ajue ni kwa nini mvua imegeuka, na kweli akasoma. Alikuwa na kichwa, hilo sikatai. Lakini alikuwa na ugonjwa wa watu wengi wenye kichwa: hakujua kusikia hapana.

Mfano ni Tecla, mjane anayeishi nyuma ya kituo cha kununulia chai. Nelvine alimwomba ng'ombe wake waingie kwenye utafiti, Tecla akasema hapana. Nelvine akarudi na michoro. Tecla akasema hapana. Akarudi tena, akamweleza habari za barafu inayoyeyuka huko ulaya na mahindi yanayokauka hapa kwetu, mpaka uji ukaungua jikoni. Mwishowe Tecla akakubali ili aachwe apike. Nelvine alikuja dukani uso unang'aa.

"Nimemshawishi," akaniambia.

"Umemchosha," nikamjibu.

Hakunielewa, na mimi sikuwa na haja ya kumfafanulia. Nilikuwa na wateja.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Ng'ombe wengine waliendelea kula walivyozoea, majani ya nepia na mabua ya mahindi. Wengine waliongezewa lusani, yale majani ya jamii ya maharagwe ambayo mradi ulitoa mbegu zake yakapandwa kando ya majani chai. Nelvine alitaka kuonyesha kwamba ng'ombe akila vizuri maziwa yanaongezeka na gesi kwa kila lita inapungua, kwa hiyo mkulima mdogo anafaidika na dunia nayo inapumua. Kila nyumba alionya jambo moja: lusani ikatwe, ianikwe mpaka inyauke, ndipo ipewe ng'ombe. Ikiliwa mbichi na yenye maji inaumuka tumboni kama mandazi.

Nyota yake alikuwa Chelel, ng'ombe mweupe wa Mzee Kipkirui. Nyumba ya Kipkirui iko kwenye mteremko chini ya duka langu, yeye na mkewe Phyllis. Sijui Chelel alikuwa na nini, lakini mchoro wake ulishuka vizuri kuliko wa ng'ombe wote. Nelvine alikuwa anauonyesha kwenye simu mtu anavyoonyesha picha ya mtoto wake. Baada ya msimu wa mvua angeupeleka kwenye mkutano mkubwa Kericho, mbele ya wakubwa wa mradi, na wao ndio wangeamua kama kazi yake inaendelea au inafungwa.

Asubuhi ya mkasa wenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na majani yote yalikuwa yanachuruzika. Nelvine alikuwa dukani anachagua mbegu simu yake ilipolia. Alikuwa Phyllis. Sauti ilitoka nje ya simu nikaisikia hata mimi.

"Nelvine, kuja. Chelel anafura."

Uso wake ulibadilika. Mimi nilikuwa tayari najua maana yake, maana watu hunijia kutafuta dawa ya kufura kila mvua zikianza, na wengi huja wamechelewa. Nilichukua mafuta ya kupikia jikoni kwangu. Halafu nikachukua kile chuma chenye ncha na mrija wake, cha kumtobolea ng'ombe tumbo hewa itoke. Kilikuwa kimekaa kwenye rafu miaka mingi. Nimewauzia wengine vya aina hiyo, lakini mimi mwenyewe sijawahi kukitumia, na niliomba Mungu isiwe leo. Nikamwita Morris mwanangu akae dukani, tukateremka mbio, matope yanatuvuta viatu. Nelvine alikuwa anampigia daktari wa mifugo huku anakimbia. Daktari alikuwa upande wa Bomet anazalisha ng'ombe mwingine. Alisema anakuja, lakini ilikuwa sauti ya mtu ambaye bado mkono wake uko ndani.

Tulimkuta Chelel amesimama uani, miguu ameitanua, ulimi nje, mate yanamdondoka. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umepanda kuliko uti wa mgongo. Nelvine aliupiga kwa vidole, ukalia kama ngoma. Kipkirui alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, kofia yake imeanguka chini na hajaiokota.

"Amekula nini?" Nelvine akauliza.

Phyllis ndiye aliyenyosha kidole kwenye hori. Mlikuwa na lusani iliyobaki, mbichi, ina matone.

Hapakuwa na wakati wa kugombana. Tulimfunga kijiti mdomoni atafune apate mate, tukamnywesha mafuta kwa chupa ya soda, polepole asije akapaliwa, tukamtembeza kupanda mlima kati ya mistari ya majani chai. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika na vikapu vyao vya kuchumia mgongoni. Chelel alipanda hatua chache akasimama. Tukamsukuma. Akapiga magoti ya mbele, akakaa, halafu akaanguka ubavu, shingo ameinyosha anatafuta hewa. Kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

"Hatuna njia nyingine," Nelvine akasema. "Lazima tumtoboe sasa."

"Hapana," Kipkirui akasema.

"Mzee, ng'ombe anakufa."

"Nimesema hapana kutoboa."

Nilimwona Nelvine akijikaza, nikaitambua ile sauti, ile ile ya kwa Tecla. Akaanza kumweleza habari ya tumbo kusukuma mapafu, ya damu kukosa hewa, haraka haraka, na kila neno lilikuwa kweli. Kipkirui alimsikiliza huku ameikaza kamba. Ni mzee mpole, sijapata kumwona akimkaripia hata mbwa. Mwishowe alipiga kelele.

"Hii ng'ombe si yangu!"

Wachumaji wakatazamana. Phyllis akaziba mdomo kwa leso. Mimi nilizaliwa hapa, babu yangu alihamia kutoka Murang'a akifuata biashara, nimewauzia dawa za Chelel tangu akiwa mtamba, na sikuwahi kujua. Lakini si mimi peke yangu, hata jirani wa boma la karibu hakujua. Wakipsigis wana desturi yao wanayoiita kimanagan. Mtu anampa rafiki yake ng'ombe amtunze. Rafiki anakunywa maziwa, watoto wake wanashiba, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki kuwa wa mwenyewe, na akifa, ngozi hupelekwa kwake iwe ushahidi. Urafiki wa namna hiyo hurithiwa hata na watoto. Na haitangazwi. Mtu hasimami mkutanoni kusema ng'ombe walio zizini mwake ni wa fulani.

"Ni ya nani?" Nelvine akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Ni ya Noah wa Kabianga. Amesema atafika leo kuiona." Kipkirui alifuta uso kwa mkono wa koti. "Hajaiona tangu mwaka jana. Nilitaka akute imeshiba. Nikakata ile majani yenu mingi, asubuhi, nikaipatia yote."

Sasa nilielewa. Mtu mzima, mwenye akili zake, aliyeonywa habari ya majani mabichi akaonyeka, alisahau onyo lote kwa sababu mwenye ng'ombe anakuja na yeye hakutaka tumbo la Chelel lionekane limebonyea.

Nelvine alimpigia Noah kwa simu ya Kipkirui. Ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Labda alikuwa njiani, upepo unampiga masikioni. Chelel alikuwa ameanza kugeuza macho.

"Mzee," Nelvine akasema, "akiwa hapa angekubali."

"Hayuko hapa." Kipkirui hakuwa anabisha tena, alikuwa anamsihi. "Sikia, msichana yangu. Ikikufa yenyewe, nitampelekea ngozi, ataangalia, ataamini. Ni mambo ya Mungu. Ikikufa na shimo ya chuma, nitamwambia nini? Babangu na babake walikuwa marafiki. Nitasema nilidunga ng'ombe yake?"

Nilikasirika, sitaficha. Nilitaka kumpokonya kamba. Ng'ombe anakata roho na wewe unafikiria ngozi! Lakini nilipomtazama Nelvine, niliona amesimama na kile chuma mkononi, na maneno yamemwishia. Baadaye aliniambia alichokuwa anafikiria. Babu yake Merigi alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo, kwa marafiki huku na huku, na yeye akiwa mdogo alitumwa kwenda kuwasalimia. Alijua. Na kwa miezi yote hiyo alikuwa amemwuliza Kipkirui umri wa Chelel, uzito, maziwa, chakula, amezaa mara ngapi. Hakuuliza hata mara moja ng'ombe ni wa nani. Alimkuta zizini mwa mtu, akaona inatosha.

Aliinama akaweka mkono juu ya mikono ya mzee.

"Achilia kamba, Mzee."

"Kwa nini?"

"Ukiishika, itakuwa ni wewe. Achilia, ikuwe ni mimi."

Kipkirui alimtazama. Sijui alitazama kwa muda gani, mimi nilikuwa nahesabu pumzi za Chelel moyoni na nilikuwa naogopa kila moja. Kisha akafungua vidole, kamba ikaanguka kwenye nyasi, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa majani chai.

Nelvine alipiga magoti. Alipapasa akatafuta mahali, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu kabisa palipoinuka. Alisukuma, ngozi ikakataa. Nilimwambia aweke uzito wote, nami nikaushika mkono wake kwa nje usiteleze. Akauma meno, akasukuma tena, na chuma kikaingia kwa mlio ambao sitaki kuusikia tena. Akachomoa ile ncha, akaacha mrija.

Hewa haikutoka. Lilitoka povu jeupe lenye vipande vya majani, likafurika, likaziba mrija. Mwanamke mmoja nyuma yetu akaanza kusali. Nelvine aliuzibua kwa kijiti, povu likaziba tena.

"Mafuta," akasema. "Auntie, mafuta, hapa hapa."

Nikamimina mafuta yaliyobaki ndani ya mrija wenyewe, yeye ameushika wima kwa vidole vyenye damu. Halafu tukangoja. Hapo ndipo tuliposikia pikipiki ikisimama barabarani.

Noah ni mzee mrefu, alikuja amevaa koti la Jumapili na mwavuli mkononi. Watu walimpisha njia bila kuambiwa. Alimwona Kipkirui amesimama kwenye majani chai bila kofia. Alimwona ng'ombe wake chini, na chuma ubavuni, na msichana asiyemjua amechafuka povu mpaka kifuani.

Nelvine hakuweza kusimama kwa sababu angeuachilia mrija. Alisema akiwa pale pale magotini.

"Mzee Noah, naitwa Nelvine, mimi ni wa utafiti wa ng'ombe. Yale majani yamemfurisha ni mimi niliyaleta hapa. Nimemtoboa mimi. Mzee Kipkirui alikataa, akasema si yake. Na tangu mwanzo sikukuuliza wewe."

Noah alizunguka akaenda kichwani kwa Chelel, akachutama na koti lake zuri, akamwita jina lake kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini. Mrija ukalia fss, ukanyamaza. Ukalia tena, mrefu zaidi. Povu likageuka maji, maji yakageuka hewa, na harufu iliyotoka ilitufanya sote tugeuze nyuso. Ule ubavu ukaanza kushuka. Na mwisho Chelel akainua kichwa, akabeua beuo kubwa ambalo sijawahi kulisikia kwa ng'ombe wala kwa mtu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Ile tochi ya Nelvine ilikuwa kwenye mkoba wake, na hakuna aliyeikumbuka.

Daktari alifika baadaye, akamshona, akamdunga dawa, akasema ataishi. Phyllis alituletea mursik, yale maziwa yao ya kugandisha kibuyuni, na ugali, lakini vikombe vilikaa. Hakuna aliyethubutu kunywa kabla Noah hajasema neno. Angeweza kuondoka na ng'ombe wake siku hiyo hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Kipkirui aliketi anatazama mikono yake.

Noah alimgeukia Nelvine.

"Hiyo kazi yako, uliomba nani?"

"Mzee Kipkirui."

"Ng'ombe ni ya Kipkirui?"

"Hapana, baba."

"Haya. Sasa niulize."

Nelvine aliweka kikombe chini. Alimweleza yote, pole pole, bila michoro: majani, tochi, gesi, ukame wa Merigi, ng'ombe wa mama yake. Alimweleza pia kwamba Chelel ndiye ng'ombe aliyemsaidia kuliko wote. Kisha akasema, "Naomba ruhusa yako niendelee naye."

"Hapana," Noah akasema.

Nilimjua Nelvine wangu. Nilimwona akivuta pumzi, kifua kikijaa, nikajua sasa zinakuja zile barafu za ulaya na uji wa Phyllis utaungua. Mdomo wake ulifunguka. Ukafumba.

"Nimesikia, baba," akasema. "Asante."

Noah alikichukua kikombe chake akanywa mpaka mwisho. Halafu akainuka, akatoka uani, akaiokota ile kamba kwenye nyasi na kumtia Kipkirui mkononi.

"Mrudishe zizini," akamwambia. "Na usimpatie majani ya maji tena."

Kipkirui aliipokea kwa mikono miwili.

Wiki zilizofuata Nelvine alizunguka upya nyumba zote alizokuwa amezimaliza. Safari hii alianza na swali ambalo hakuwa ameliuliza, na nyumba kadhaa zilimjibu kwa kunong'ona. Akafunga safari kwa wenye ng'ombe, wengine walikubali, wengine walikataa. Kwa Tecla alimwuliza kama bado anataka. Tecla akasema hakuwahi kutaka. Nelvine akamsaidia kuondoa uji motoni, akaaga. Wakubwa wake hawakufurahi, ng'ombe walikuwa wamepungua. Mmoja alimshauri aandike tu kwamba Chelel aliugua, na ingekuwa kweli pia.

Nilialikwa kwenye ule mkutano wa Kericho kama mwuza mbegu, nikaketi nyuma, moyo unanidunda kama ni mimi ninayefanya mtihani. Michoro ikapita ukutani. Kati ya mistari yote ulikuwapo mmoja ulioshuka chini ya mingine, mzuri ajabu, halafu ukakatika katikati ya ukurasa. Bwana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye tai, akanyosha kalamu.

"Huyu wa chini ndiye tokeo lako bora kabisa. Alikufa?"

"Hapana. Yuko mzima, ana mimba."

"Basi kwa nini mstari umekatika?"

"Mwenyewe alikataa," Nelvine akasema.

Yule bwana alingoja maelezo zaidi, kalamu hewani. Hayakuwapo. Nelvine akabonyeza, mchoro mwingine ukaja.